Seti ya pili ya mbuni

KONA YA MPAKANI
Na Tumaini Haonga

Wiki iliyopita hapa Tunduma nilimkuta dereva amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya lori lake. Siku ya tatu hiyo, na mzigo unangojewa Lubumbashi. Namba ya tela ilikosewa kwenye makaratasi. Wakala wake aliisahihisha, muhuri ukagongwa, akaenda zake akijua kazi imekwisha. Kumbe makaratasi yalikuwa seti mbili. Seti iliyosahihishwa ilibaki upande huu, na ile yenye kosa ndiyo iliyovuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia.

Seti ile ya pili ilinirudia kichwani Jumapili, nilipokuwa Mbozi kwa baba mdogo. Tulikuwa tunakunywa chai. (Ndiyo, chai. Wengi wetu tunaolima kahawa hatuinywi.) Aligeuza jani la mbuni, akapitisha kidole chini yake, kikatoka na unga wa rangi ya chungwa: kutu ya majani.

"Mwanangu, redioni wanasema siku hizi wataalamu wanahariri jeni za mimea. Na huu wangu watauhariri?"

Nikamjibu kwamba huu wake una seti mbili.

Kahawa ya arabika, tunayoilima Mbozi na Ileje, ni mtoto wa ndoa isiyo ya kawaida. Mzazi mmoja ni robusta, ile ya Kagera ambayo Wahaya huitafuna. Mwingine ni Coffea eugenioides, kahawa ya mwituni isiyojulikana sana, iliyotokea huku kwetu kwenye ukanda wa maziwa makuu. Kila mzazi ana kromosomu 22. Kwa kawaida mtoto angechukua nusu kwa huyu na nusu kwa yule. Arabika ilibeba zote, ikawa na 44. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 unakadiria kuwa jambo hilo lilitokea kati ya miaka 350,000 na 610,000 iliyopita. Hapakuwa na maabara wala mtaalamu.

Faida ya kuwa na nakala mbili za jeni aliieleza mtaalamu wa jenetiki Susumu Ohno katika kitabu chake cha mwaka 1970. Nakala moja ikiendelea na kazi ya kila siku, ya pili inapata nafasi ya kukosea bila kiumbe kufa. Mara nyingi inaharibika na kunyamaza. Mara chache inaangukia kazi mpya. Baba mdogo mwenyewe ni shahidi, kwa sababu jicho linalomwezesha kuchuma buni nyekundu na kuiacha ya kijani limetokana na jeni moja iliyojirudufu kwa mababu wa nyani na binadamu, zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita. Nakala moja ikaelekea kwenye wekundu, nyingine kwenye kijani. Mwanamume ambaye nakala hizo zina hitilafu humpelekea karani wa chama cha ushirika buni mbichi, akaitwa mvivu.

Lakini kwa mhariri, seti mbili ni kazi mara mbili. Mkasi wa CRISPR, uliowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna tuzo ya Nobel mwaka 2020, ukikata jeni kwenye seti moja na kuiacha ya pili, mmea unaweza kuendelea kama zamani, kama karatasi za dereva wangu. Wachina walilijua hilo kwenye ngano, yenye seti tatu. Mwaka 2014, kwa mkasi wa aina nyingine, walizima jeni ileile kwenye seti zote tatu, wakapata ngano inayohimili ubwiri unga. Na jirani zetu wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, jijini Nairobi walichapisha kazi yao mwaka 2019 juu ya ndizi ya gonja, ambayo virusi vya michirizi vimejificha ndani ya vinasaba vyake vyenyewe. Walivikata humohumo, na miche mingi iliyohaririwa haikuonyesha ugonjwa hata ilipokoseshwa maji ili virusi viamke.

Hapo ndipo wenye shauku hukimbilia kusema kutu na ugonjwa wa chulebuni vitakwisha kesho. Mimi sikimbii nao. Arabika ilitoka kwenye mlango mwembamba mno, na hujichavusha yenyewe, hivyo mibuni ya dunia nzima inafanana kama ndugu wa tumbo moja. Uwezo wa kuhimili kutu uliomo kwenye miche chotara mingi ulipatikana kwenye mbuni wa kisiwa cha Timor, ambako arabika ilikutana tena na robusta yenyewe kwa yenyewe. Mhariri husahihisha neno lililoandikwa. Lile ambalo halimo lazima kwanza lijulikane linapatikana wapi, ndiyo maana yule mzazi wa mwituni, ambaye ni wachache tu wanaomnunua, ananihangaisha kuliko mkasi.

Wala siwaungi mkono wanaotaka mlango ufungwe kabisa. Januari 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kusitishwa kwa majaribio ya mbegu zilizobadilishwa vinasaba (GMO), na tangu hapo mazungumzo yetu huweka kila kitu kwenye gunia moja. Kenya ilitoa mwongozo wake mwaka 2022: mmea uliohaririwa bila kuingizwa jeni ngeni hautazamwi kama GMO. Ningependa TaCRI, taasisi yetu ya utafiti wa kahawa yenye kituo chake pale Mbimba, Mbozi, iruhusiwe kuujaribu mkasi huo kwenye kahawa, ndani ya nyumba ya miche, matokeo yawe ya umma.

Nasisitiza la umma kwa sababu ya baba mdogo. Miche chotara ya Mbimba haitegemei mbegu, maana mbegu ya chotara haimfuati mama. Hukatwa vikonyo kwenye bustani mama, vikaoteshwa, kila mche ukawa nakala kamili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta kidole chenye kutu kwenye suruali.

"Sawa," akasema. "Hiyo iliyohaririwa ikija, bustani mama itakuwa ya nani?"

Dereva wangu alivuka Jumanne.