Usafi si Kuficha

Katika miji mingi ya Marekani zipo sheria ndogo zinazomtaka mwenye nyumba aliweke pipa la taka mahali lisipoonekana na apitaye barabarani. Siku ya gari la taka hulitoa nje, kisha hana budi kulirudisha mafichoni kwa muda uliowekwa. Akikaidi, hutozwa faini. Wapo wenzetu wanaotamani sheria za namna hiyo mijini mwetu, wakidai kuwa huo ndio ustaarabu.

La hasha! Kifuniko cha pipa ni jambo la afya, maana huzuia nzi na panya. Kulificha pipa ni jambo la macho tu. Sheria inayoadhibu kuonekana kwa pipa, bila kuuliza taka zaenda wapi, humfundisha mtoto kwamba uchafu hukoma pale jicho linapokoma.

Uchafu haukomi, huhama. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walilijua hilo. Taka za jiji zilimwagwa na kuchomwa mtaani kwao, wakaishi katika moshi, uvundo na nzi. Waliokaa katikati ya mji hawakuyaona hayo. Kwao jiji lilikuwa safi. Mwaka 1988 wakazi hao walishtaki katika Mahakama Kuu, nayo ikaamuru umwagaji huo ukome. Wakuu wa jiji wakaomba muda. Mwaka 1991 mahakama ikakataa kuwaongezea. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakashtaki, wakashinda.

Hilo ni somo la uraia kwa kila darasa: kilichofichwa machoni pa huyu kimewekwa mlangoni pa yule. Wala si jambo geni. Wakoloni waliugawa mji huo huo katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na jina la usafi likatumiwa kuuhalalisha mgawanyo huo.

Watasema kuwa pipa lililo wazi ni aibu mbele ya mgeni. Lakini aibu haimo katika pipa, imo katika taka zisizozolewa. Pipa linaloonekana, likifurika, huwa shahidi mbele ya jirani, mjumbe na diwani kwamba gari halikupita. Likifichwa, nani atauliza? Tena, mpangaji wa chumba kimoja kule Manzese hana ua wa kufichia pipa. Sheria hiyo itamtoza faini kwa sababu ya ufukara wake, na kumsifu mwenye ukuta mrefu.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Basi sheria zetu ndogo na ziulize mambo matatu: Je, pipa lina kifuniko? Taka huzolewa lini? Nazo humwagwa karibu na nyumba ya nani? Walimu na wanafunzi waanze kuyauliza maswali hayo kuhusu taka za shule zao wenyewe. Mji usioweza kulijibu swali la tatu bila kuona haya haujawa safi, hata kama hakuna pipa linaloonekana barabarani.