Tahadhari: Usinunue Janga Lisilo Lako

Jumatatu nilikaa na mrundo wa CV za vijana walioomba kazi ya karani wa usafirishaji hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimetenga saba. Zote saba zilieleza janga moja kwa maneno yale yale, koma kwa koma: mwombaji "alisimamia msongamano wa malori mpakani wakati wa korona na kurejesha hali ya kawaida kwa muda mfupi". Mmoja wao, kwa tarehe ya kuzaliwa aliyoiandika mwenyewe juu ya ukurasa, mwaka huo wa korona alikuwa bado amevaa sare ya shule.

Ninaandika haraka kwa sababu aya hiyo inauzwa. Kijana anaingia saiba, Malaba au Busia, ameshika kitambulisho na vyeti vyake. Anataka kuchapiwa tu. Mchapaji anamwambia waajiri siku hizi wanataka mtu anayejua kutatua matatizo wakati wa dharura, kisha anampachikia aya iliyokaa tayari kwenye kompyuta, ileile aliyompachikia wa jana. Kijana analipa, anashukuru, anatuma. Hajui kwamba amebeba mzigo wa mtu mwingine na kwamba kwenye usaili atatakiwa kuufungua.

Waliokuwepo wanakumbuka. Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka yake kwa abiria, mizigo ikaachwa ipite. Kisha madereva wakaanza kupimwa. Sampuli zikawa zinakwenda maabara, zikiwemo zilizopelekwa kituo cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, kule Alupe, na majibu yakichelewa lori halisogei. Foleni ikatoka langoni Malaba ikarudi nyuma kuelekea Bungoma, makumi ya kilomita. Januari 2022 ikarudi tena: Uganda iliagiza wanaoingia kwa barabara wapimwe kwa malipo, madereva wakagoma, mafuta yakaadimika upande wa pili na bei ikaruka, hadi Uganda ilipolegeza agizo lake. Katikati ya foleni hizo mbili tulipata ya mahindi. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti: waagizaji wasajiliwe na kila shehena iwe na cheti cha kiwango cha sumu. Malori yaliyokuwa yameshapakia yalibaki yamesimama na magunia yake.

Hakuna mtu mmoja aliyeziondoa foleni hizo. Ziliondolewa na maamuzi ya serikali mbili, na wahudumu wa afya, na maafisa wa forodha, na madereva wenyewe waliolala chini ya trela zao wakingoja. Kwa hiyo anayeandika kwamba alirejesha hali ya kawaida anajifunga kabla hajaulizwa. Na ataulizwa. Mimi huuliza hivi: siku hiyo ulikuwa umesimama wapi? Foleni ilikuwa imefika wapi? Nani alikuwa anakupa maagizo? Kipi kilikuwa mikononi mwako kuamua, na kipi hakikuwa? Aliyekuwepo hujibu mara moja, tena huongeza mambo ambayo sikuuliza: mvua, simu iliyoisha chaji, dereva aliyekuwa akilia. Aliyenunua aya hutazama meza.

Hasara haimwishii yeye. CV ya nane katika mrundo ule ilikuwa ya binti aliyesema aliweka orodha ya madereva wa kampuni yao kipindi chote cha vipimo. Nikaisoma kwa shaka, kwa sababu saba zilizotangulia zilikuwa zimenifundisha kutilia shaka. Nilimpigia simu mdhamini aliyemtaja, na kila neno likawa kweli. Fikiria nisingepiga. Mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa jasho lake angekosa nafasi kwa sababu ya walionakili. Nasi huku mpakani hatuna mtaji mwingi wa kumpelekea mwajiri wa Nairobi au Kampala. Tunao huu mmoja: tumezoea kufanya kazi mambo yakiwa yameharibika. Tukiufanya kuwa bidhaa ya saiba, haitapita miaka mingi kabla neno "Malaba" kwenye CV halijawa sababu ya kuiweka kando.

Kuna hatari nyingine, na hii ni ya kwetu hasa. Baadhi ya aya hizi, na hata zile ambazo watu wameziandika wenyewe kwa nia njema, ni ungamo. Nimesoma "uwezo wa kupitisha mzigo haraka hata mfumo ukiwa chini". Nimesoma "kutumia uhusiano mzuri na maafisa kuharakisha kibali". Nimesoma ya kijana aliyejisifu kwamba mpaka ulipofungwa alijua njia mbadala. Ndugu yangu, njia mbadala ya mpaka uliofungwa inaitwa njia ya panya, na kila anayesoma CV yako anajua hivyo. Sheria ya Hongo ya Kenya ya 2016 inamkamata anayetoa kama inavyomkamata anayepokea. Magendo yana adhabu zake katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. Umejiandikia shtaka, ukaweka jina na namba ya simu juu yake.

Kama mfumo wa forodha ulianguka na ukafanya kazi halali, ieleze hiyo kazi halali. Ulirekodi saa ulipoanguka? Ulimpigia mwenye mzigo kabla hajakupigia? Ulitafuta pa kuegesha lori la samaki ambapo jokofu lake lingeendelea kunguruma? Ulipanga nyaraka ili mfumo ukirudi tamko lako la forodha liingie bila kosa? Hayo ndiyo mwajiri anayoyatafuta, na watu wengi wanayaacha kwa kudhani ni madogo.

Angalia pia siri za watu. Usitaje jina la mteja ambaye mzigo wake ulikwama, wala namba ya tamko lake, wala jina la dereva aliyekutwa na maambukizi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi nyeti. Zaidi ya sheria, mwajiri anayekuona unamwaga siri za bosi wa zamani anajua zake zitamwagwa kwa bosi ajaye.

Wanaolenga kazi za serikali wasidhani macho yamefumbwa. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ya Kenya ilitangaza kwamba ukaguzi wake ulikuta vyeti 2,067 vya kughushi miongoni mwa watumishi. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi imekuwa ikiwapeleka mahakamani waliopata kazi kwa vyeti vya uongo, ikidai warudishe mishahara waliyolipwa. Aya ya CV si cheti. Lakini mtu akianza kuchunguzwa, haangaliwi ukurasa mmoja tu.

Sasa, uandikeje? Nitoe mfano wa kubuni, usiunakili. Tuseme ulikuwa karani wa wakala wa forodha. Andika: "Aprili hadi Juni 2020, Malaba. Nilitunza orodha ya madereva wa wateja wetu waliokuwa wakisubiri majibu ya vipimo. Niliona baadhi ya majibu yanachelewa kwa sababu namba ya pasipoti kwenye fomu ya sampuli ilitofautiana na iliyo kwenye manifesti. Nikapendekeza kwa msimamizi tuhakiki namba kila jioni kabla fomu hazijakusanywa. Alikubali. Makosa hayo yalipungua, na orodha yangu ikatumiwa na makarani wenzangu wawili."

Tazama kilichomo. Kuna wakati na mahali. Kuna tatizo dogo ndani ya tatizo kubwa, lile lililokuwa karibu na mkono wake. Kuna alichokiona, alichokipendekeza, aliyekiidhinisha. Kuna matokeo ambayo hayajatiwa chumvi, na watu watatu wa kuulizwa. Hakusema aliiondoa foleni. Kama una takwimu, ziweke, mradi unaweza kuonyesha ulivyozihesabu. Kama huna, "yalipungua" ni bora kuliko asilimia uliyoiokota hewani. Na kama jambo halikufaulu, unaweza pia kuliandika: ulichojaribu, kwa nini hakikufaa, ulichobadilisha. Mimi binafsi huyaamini maelezo ya namna hiyo kuliko ushindi mtupu.

Nawageukia akina mama wa soko la Busia, maana nimesikia wengi wakisema hawana cha kuandika. Uganda ilipofunga mipaka kwa abiria mwaka 2020, malori yalipita lakini aliyekuwa akivuka kwa miguu na kikapu cha nyanya alizuiwa. Kuna wafanyabiashara wadogo waliokusanya bidhaa zao pamoja, wakazipakia lori moja, wakagawana gharama. Kama ulikuwa mweka hazina wa kundi kama hilo, uliyejua gunia lipi ni la nani na nani hajalipa nauli ya lori, ulisimamia ugavi katika dharura. Liandike kwa jina lake la kweli: "mweka hazina wa kundi la wauzaji nyanya". Vivyo hivyo aliyeanua mahindi mvua ilipotishia kuyaozesha, akayaanika upya juu ya turubai akingoja katazo liondolewe. Na vivyo hivyo mwanabodaboda. Jina hilo bodaboda, ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki, lilianza kwenye mpaka huu wetu, kwa baiskeli zilizobeba watu kutoka lango moja hadi jingine. Aliyembeba mjamzito hadi hospitali usiku wa kafyu, akapiga simu mapema ili apokelewe langoni, ana aya yake, na ni yake peke yake.

Kwa wachapaji wa saiba nina ombi moja. Ifuteni aya hiyo. Kijana akija bila maelezo, muulizeni maswali manne: lini, wapi, ulifanya nini, nani anajua? Chapeni anachojibu. Itawachukua dakika kumi zaidi; mtozeni za dakika hizo.

Na wewe ambaye umeshaituma, usingoje kuitwa. Leo hii mwandikie mwajiri, mwambie umerekebisha CV yako na unaomba itumike hii mpya, halafu tuma ile yenye mambo uliyoyafanya kwa mikono yako. Kwa wenye zile saba nilizozitenga Jumatatu, nitaipokea barua ya namna hiyo hadi Ijumaa saa kumi na moja jioni.