Kinyama Kisitupwe

Hapa Ibadakuli, Kanda ya Ziwa, uvimbe hupewa jina kabla haujapimwa. Ukiota kwenye titi la mama anyonyeshaye, ni maziwa yameganda. Ukitokea kwenye taya la mtoto, ni jino. Huenda ikawa kweli. Lakini jicho na kidole, hata vya daktari mzoefu, mara nyingi havitoshi kuamua.

Chukua hilo taya. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa Uganda. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakafunga safari ndefu ya gari kuelekea kusini, Tanganyika ikiwemo, wakiulizia ugonjwa huo hospitali kwa hospitali. Waligundua kuwa umeshamiri kwenye joto na mvua, kule kule kwenye malaria. Kanda yetu ya Ziwa imo. Uvimbe huo hukua haraka mno na kulegeza meno, ndiyo maana mtoto hung'olewa jino kwanza, na wiki zinakatika. Nao ni saratani inayosikia dawa: ukiwahiwa, dripu za kemotherapia zinaweza kuuyeyusha bila kisu.

Wapo pia wanaokonda kwa hofu bure. Fibroidi za kizazi si saratani, ingawa zaweza kummaliza mwanamke damu na zinastahili tiba yake.

Wengi huku wanaamini saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Nawaelewa wanaosema hivyo. Wamezika ndugu muda mfupi baada ya upasuaji. Ila wengi wa ndugu hao walifika hospitali ugonjwa ukiwa umeshatapakaa. Kisu hakikuupeleka.

Kinachonikera ni hiki: uvimbe unatolewa, jeraha linashonwa, kisha kinyama kinatupwa. Kumbe kingewekwa kwenye fomalini kisioze, kikasafirishwa hadi maabara kubwa kama ya hospitali ya Bugando, Mwanza, kikakatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Hapo ndipo hujulikana kama uvimbe ulikuwa saratani, na kama mgonjwa bado anahitaji dawa au mionzi. Bila jibu hilo, kovu zuri halimaanishi kitu.

Basi ukitolewa uvimbe, wewe au mwanao, usiondoke kabla hujauliza: kinyama kimepelekwa wapi, na majibu nifuate lini?