Vibuyu Viwili Katika Nyumba Moja

Wahenga walisema akiba haiozi. Ndugu msomaji, wahenga nawaheshimu, lakini wao hawakuweka akiba ndani ya diski ya kompyuta. Diski huoza! Yaweza kufanya kazi miaka mitano bila kulalamika, kisha asubuhi moja ikakataa kusomeka.

Nalisema hili kwa sababu mwakani sisi wa kidato cha tatu tunaosoma Kompyuta tutafanya mradi wa KCSE, ile karatasi ya 451/3. Mradi huo si insha ya kumaliza kwa kipindi kimoja. Ni kazi ya miezi. Picha za chama chetu na makala za jarida hili pia zimo katika kompyuta moja tu ya maabara. Na stima za huku kwetu mwazijua: mvua ikianza tu, zimepotea!

Je, dawa ipo? Ipo. Kuna kisanduku kinachounganishwa na mtandao wa nyumba au wa shule, na ndani yake hutiwa diski mbili. Kwenye mipangilio unachagua RAID 1, yaani mpango wa kioo. Kila unachohifadhi huandikwa kwenye diski zote mbili kwa pamoja. Ukinunua mbili za terabaiti 4, usidhani umepata 8. Utapata 4 tu, kwani ya pili ni pacha wa ya kwanza. Moja ikifa, nyingine huendelea na kazi kana kwamba hakuna matanga. Unatia mpya isiyo ndogo kuliko iliyokufa, nayo hunakiliwa yote. Mpango huu ulielezwa na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika makala yao ya 1988. Ila tahadhari: kwa kawaida, kuuanzisha hufuta vyote vilivyokuwa kwenye diski hizo. Toa vyako kwanza.

Hapo wengine watasema, "Basi tumepona." La hasha! Kioo hakichagui. Ukikunja uso, nacho chakunja. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, imefutika kwa pacha wote. Virusi vikiingia, wote wanaugua. Na mwizi akibeba kisanduku, hatakuachia diski moja kwa huruma.

Nyanya zetu wa Meru na Embu waliyajua haya. Mbegu ya mtama haikuliwa yote, nyingine iliwekwa kibuyuni. Lakini vibuyu viwili katika nyumba moja, nyumba ikiungua, vyote ni majivu. Mwenye kibuyu kingine kwa dada yake kule Siakago ndiye atakayepanda mvua ikija.

Hata wakubwa wa teknolojia wamefunzwa somo hilo. Septemba 2025, moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini. Hifadhi ya wafanyakazi wa serikali iitwayo G-Drive, yenye terabaiti 858, iliteketea, na nakala ya nje haikuwako!

Najua kuna watakaosema ati shule ya kutwa haina pesa za visanduku. Kweli, hazitoshi. Ndiyo maana maoni yangu ni haya: kisanduku cha kioo kinunuliwe pesa zikipatikana, lakini nakala ya nje ianze sasa. Diski moja ndogo ya kubeba yatosha. Kila Ijumaa kazi zinakiliwe humo, kisha mlezi wa chama aende nayo kwake. Na isiwe ya kuwekwa tu ikasahauliwa. Kila mwisho wa muhula ifunguliwe, tuone kama faili zinasomeka.

Wenzetu wa bweni hubaki palepale na vitu vyao. Sisi wa kutwa, kila jioni tunatoka kwenda nyumbani. Kwa nini basi kazi zetu zote zilale shuleni? Kazi kwenu, wanachama!