Mwalimu wa jijini awajibikie usomaji, si fomu

Kila mara shule za umma za Nairobi zinapotajwa kuwa zimezorota, kidole huelekezwa kwa mwalimu. Wazazi humwita mvivu, wanasiasa humtisha kwa uhamisho, nacho chama chake hujibu kwamba madarasa yamefurika na vitabu ni haba. Pande zote mbili zina ukweli wake, na ndiyo sababu mjadala huu umekuwa ukizunguka pale pale kwa miaka mingi. Swali ambalo naona limepuuzwa ni hili: mwalimu wa shule ya msingi ya jijini awajibikie jambo gani hasa?

Itakumbukwa kwamba mnamo Januari 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilifuta karo katika shule za msingi. Lilikuwa tendo la haki, wala sijapata kumsikia mtu wa maana akilijutia. Hata hivyo, walimu hawakuongezwa kwa kadiri ya watoto walioingia. Shule ya Msingi ya Olympic, iliyo kando ya Kibera na iliyokuwa ikisifiwa miongoni mwa shule bora za umma jijini, ilifurikwa na wanafunzi katika muda mfupi. Wazazi wenye uwezo wakaanza kuwahamishia watoto wao katika shule za binafsi, na miongoni mwao wamo walimu wa shule zizo hizo za umma, jambo ambalo hatupendi kulitaja mikutanoni. Mwalimu aliyeachiwa wanafunzi 80 hawezi kupimwa kwa kipimo cha mwenzake mwenye 30. Adhaniaye vinginevyo hajapata kusahihisha insha 80 kwa usiku mmoja.

Lakini msongamano hauelezi yote. Mnamo mwaka wa 2013 Benki ya Dunia ilichapisha uchunguzi uliofanywa katika shule za Kenya mwaka uliotangulia. Katika shule za umma, takriban mwalimu mmoja kati ya sita hakupatikana shuleni. Hilo ni baya, ila si geni. Lililonishtua ni kwamba karibu nusu ya walimu hawakuwa darasani walikopaswa kuwa. Maana yake ni kwamba wengi wao walikuwa wamekwisha kufika kazini; walikuwa ndani ya ua la shule, hatua chache tu kutoka kwa wanafunzi wao. Hapa hakuna uhaba wa madawati wala wa vitabu unaoweza kutolewa kuwa sababu, na chama cha walimu hakijitendei hisani kinapomkinga mtu wa namna hiyo kwa maneno yale yale kinayomtetea mwenye wanafunzi 80.

Jawabu la Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, lilikuwa utaratibu wa kutathmini utendakazi ulioanza mwaka wa 2016. Mwalimu hujikadiria, mkuu wake huthibitisha, na ushahidi ni maazimio ya kazi, maandalio ya masomo na kumbukumbu nyingine zilizojazwa sawasawa. Mimi hukagua wanafunzi wa chuo kikuu wanapokuwa katika mazoezi ya kufundisha, nami naweza kushuhudia kwamba andalio zuri na somo zuri ni vitu viwili mbalimbali. Nimepata kuketi nyuma ya darasa nikiwa na faili isiyo na doa mkononi, huku mbele yangu watoto wakinakili kutoka ubaoni maneno wasiyoweza kuyasoma.

Wako wanaosema: basi tumpime kwa alama za mtihani. Hao watazame Atlanta, Marekani. Baada ya sheria ya mwaka wa 2002 kuzifanya shule za umma za nchi hiyo zihukumiwe kwa mitihani ya kila mwaka, wachunguzi wa jimbo la Georgia walifichua mwaka wa 2011 kwamba walimu na wakuu 178 katika shule 44 za jiji hilo walihusika katika udanganyifu, baadhi yao wakifuta majibu ya wanafunzi na kuandika yaliyo sahihi. Watoto wa mitaa ya kimaskini wakapewa alama mahali pa kufundishwa. Nasi tusijitie hamnazo. Katika enzi ya KCPE, ni shule ngapi zilizowakaririsha darasa watoto dhaifu ili wastani wa shule usishuke, hata ikabidi Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipige marufuku jambo hilo?

Naona mwalimu wa madarasa matatu ya kwanza anapaswa kuwajibikia jambo moja linaloonekana kwa macho na kusikika kwa masikio: mtoto asome, tena aelewe asomacho. Na hapa sina budi kusema kama mwanaisimu. Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilipendekeza kwamba katika madarasa hayo mtoto afundishwe kwa lugha ya mazingira ya shule yake, na mijini, ambako makabila yamechanganyikana, lugha hiyo iwe Kiswahili. Tazama yanayotendeka Nairobi. Mtoto wa Kayole au Mathare ajaye shuleni na Kiswahili chake, hata kiwe kimevaa joho la Sheng, hupokewa kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, kwa kuwa wazazi wanakitaka na mwalimu mkuu anaogopa kuwapoteza. Katika Kiswahili, mtoto aliyezijua herufi na silabi hulitamka karibu kila neno aliloandikiwa. Katika Kiingereza, herufi zile zile husomwa kwa sauti hii hapa na kwa sauti nyingine pale. Tunamwadhibu mwalimu kwa kushindwa kuufungua mlango ambao sisi wenyewe tumembadilishia ufunguo.

Wala jambo ninalolitaka si ndoto. Mpango wa Tusome, ulioenea nchini kuanzia mwaka wa 2015 kwa ufadhili wa Marekani, ulimpa kila mwanafunzi wa madarasa ya kwanza kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza. Maafisa wa mtaala walizuru madarasa, wakalitazama somo, wakawasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha wakaketi na mwalimu kumwelekeza. Usomaji uliimarika. Afisa huyo alirudishiwa nauli yake na mpango, na ufadhili ulipokwisha, nauli nayo ikaingia mashakani. Wizara iitie nauli hiyo katika bajeti yake ya kudumu, ianze na shule za Eastlands. Afisa akimkuta mwalimu majilisini saa ya kipindi, aandike hivyo. Akiwakuta watoto 80 mbele ya mwalimu mmoja, aandike hilo pia, na barua hiyo ya pili ipelekwe TSC, ijibiwe kabla ya muhula kwisha.