NANI ALIYEUPIMA USO WA MWAFRIKA?



Sisi wa Nkunga hatuna ugomvi na picha. Twazipenda. Arusi haijawa arusi mpaka bwana na bibi arusi wamepigwa picha, kijana hapati kitambulisho bila picha, na mzee akifariki, picha yake ndiyo hutangulia mbele ya jeneza. Ugomvi wetu ni huu: siku hizi picha ikitoka kwa fundi, aliyemo ndani si yule aliyepigwa.

Shuka mpaka Tukuyu mjini utazame picha zilizobandikwa kwenye vioo vya studio na steshenari. Utamwona bibi arusi unayemjua tangu utoto wake, mweusi kama mama yake, lakini pale kiooni uso umekuwa mweupe kama karatasi na pua imechongwa ikawa nyembamba. Mikono tu, ambayo fundi aliisahau, ndiyo iliyobaki ya kwake. Kila uchaguzi ufikapo utawaona wagombea mabangoni, watu wazima waliochomwa na jua la shambani, wamelainishwa wakawa kama watoto waliolelewa kivulini. Na msibani, jambo lituumalo kuliko yote, utawaona watoto wakimtafuta mama yao katika fremu wasimwone, maana aliyewekwa pale ni mgeni aliyevaa kitenge cha mama yao.

Twauliza: nani aliyetoa amri hii? Bunge halikupitisha sheria ya kwamba Mwafrika akipigwa picha lazima apunguzwe weusi. Wazee hawakukaa kikao wakaamua hivyo. Basi amri imetoka wapi?

Wapo watakaotujibu kwamba kila taifa lina uzuri wake, na kila fundi huitengeneza picha kwa kadiri ya mila ya kwao. Neno hilo ni kweli. Mwaka 2014 mwandishi mmoja wa Marekani, Esther Honig, aliipeleka picha ya uso wake kwa mafundi wa nchi zaidi ya 25, akawaomba jambo moja tu: wampendezeshe. Zilirudi sura ambazo hazikufanana. Huyu alimbadilisha rangi ya macho, yule alimkoleza midomo, mwingine alimgeuza rangi ya ngozi. Fundi wa Moroko alimfunika mtandio kichwani, kama wafanyavyo wanawake wengi wa kwao. Uso ulikuwa mmoja, vipimo vikawa vingi.

Lakini litazameni jambo hilo vizuri, ndugu. Yule wa Moroko alikitoa kipimo chake nyumbani kwake. Fundi wetu anapouchukua uso wa binti wa Kinyakyusa, kipimo chake anakitoa nyumba gani? Hakukitoa Nkunga. Hapa wazee walimsifu mtu kwa ngozi iliyopakwa mafuta ikang'aa, weusi wake ukaonekana. Kiswahili chenyewe hakikuona haya: kina mweusi tii, kina maji ya kunde, na mtu akiitwa hivyo hakutukanwa. Fundi wetu ameviacha vipimo vyote vya nyumbani akaazima cha jirani ambaye hakumwazima cho chote kwa wema.

Tena kipimo hicho kina historia, na historia yake haina siri. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa ikiwapelekea wasafishaji wa picha kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu. Iliitwa kadi ya Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa kampuni aliyepigwa picha ya kwanza. Fundi aliyetaka kujua kama rangi zimekaa sawasawa aliilinganisha kazi yake na ngozi ya Shirley. Shirley akitoka vizuri, kazi imekwisha. Mwafrika aliyesimama kando akatoka giza tupu, macho na meno tu, hiyo ilikuwa shauri yake. Wangapi miongoni mwetu wanazo picha za namna hiyo nyumbani, wakadhani kosa ni la ngozi ya babu?

Sasa tazameni upande wa pili. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni ya Polaroid huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba mitambo ya kampuni yao inatumika Afrika Kusini kupigia picha za pasi, zile pasi ambazo makaburu waliwalazimisha Waafrika kuzibeba kila waendako. Wakawataka watu wazisusie bidhaa za kampuni hiyo, na mwaka 1977 Polaroid ikajitoa Afrika Kusini. Basi picha ilipotakiwa kumpendeza Mwafrika, haikumwona. Ilipotakiwa kumfunga, ilimwona vizuri sana!

Filamu zile zimepita, lakini kipimo kimehamia ndani ya simu. Mwaka 2017 programu iitwayo FaceApp, iliyotengenezwa Urusi, ilikuwa na kitufe cha kumpendezesha mtu. Watu weusi walipokibonyeza, wakageuzwa kuwa weupe. Mkuu wa kampuni, Yaroslav Goncharov, aliomba radhi akaeleza kwamba mashine ilifundishwa kwa nyuso za upande mmoja. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, gazeti la Grazia la Uingereza lilimweka jaladani Lupita Nyong'o, binti wa Kenya mwenye tuzo ya Oscar, likamfuta nywele zake za Kiafrika zilizofungwa nyuma na kuzilaza zile zilizobaki. Bibi huyu hakunyamaza. Alionyesha hadharani picha ya kweli na picha iliyokatwa, na gazeti likaomba radhi. Huyo ndiye aliyesimulia mwaka 2014 kwamba utotoni alimwomba Mungu aamke asubuhi akiwa mweupe. Mtoto wa Afrika, katika nchi yake iliyo huru, akiomba dua ya namna hiyo! Kasumba haina rangi nyingine kuliko hiyo.

Maana picha haikai ukutani ikatulia. Msichana akiiona sura yake imepaushwa simuni, akajiangalia kwenye kioo, huanza kukichukia kioo. Kutoka hapo ni hatua moja mpaka dukani, kwenye mkorogo. Humo huchanganywa haidrokwinoni, na mara nyingine zebaki, vitu ambavyo serikali yetu imevipiga marufuku katika vipodozi. Zebaki ni ile ile wachimbaji wa Chunya waitumiayo kuishikisha dhahabu. Ikipakwa mwilini hupenya ngozi na kuyadhuru mafigo. Mfanyabiashara anapokea fedha mara mbili: kwanza kwa simu iliyomwambia binti kwamba ni mbaya, kisha kwa kopo linalomwahidi kumponya ubaya ambao hakuwa nao.

Sisi ni wakulima, twajua maana ya kipimo. Parachichi la Rungwe likienda ng'ambo, mnunuzi wa huko ndiye asemaye ukubwa autakao, nasi twakubali kwa sababu ni biashara. Lakini uso wa binti wa Nkunga hauendi sokoni. Kwa nini basi tumempa mnunuzi wa mbali mamlaka ya kuupanga daraja? Udongo wetu ni mweusi, nao ndio unaotupa migomba, chai na viazi. Hatujamsikia mkulima hata mmoja akiomba shamba lake lipauke.

Wengine watasema, "Mnataka kuwazuia watu wasipendeze." La, hasha! Fundi na afute vumbi, na aongeze mwanga ili uso mweusi uonekane weusi wake, na aondoe chunusi ya wiki ile. Hiyo ni kazi ya ustadi, nasi twailipia kwa moyo. Wengine watasema mashine ndiyo inayofanya, fundi hana kosa. Hilo nalo si kweli. Simu za Tecno, zitengenezwazo na kampuni ya Uchina, zilipata soko kubwa Afrika kwa kuwa kamera zake zilirekebishwa zipate kuiona ngozi nyeusi. Mashine hufuata anayeiamuru. Na Flaviana Matata, binti wa Kitanzania, alisimama katika mashindano ya Miss Universe mwaka 2007 huko Mexico, mweusi, kichwa kimenyolewa, akaingia kumi bora bila kuazima nywele za mtu.

Hapa lazima tuseme neno kwa vijana wetu. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969, kupiga vita wigi, sketi fupi, suruali za kubana na mafuta ya kujichubua. Shabaha ya kuikataa kasumba ilikuwa na haki yake. Lakini mwezi ule ule wa Oktoba wasichana walishambuliwa Kariakoo, wakachaniwa nguo mbele ya watu. Vita hivi vya leo visiende njia ile. Dada aliyepaushwa pichani ndiye aliyeibiwa. Hatumpigi aliyeibiwa tukamwacha mwizi. Hapana kijana wa Chama atakayemdhihaki binti kwa picha yake.

Basi twataka mambo matatu.

Kwanza, Chama kianze nyumbani kwake. Bango la mgombea litoke na uso wa mgombea, na mikunjo yake, na weusi wake. Mtu anayeona haya kuwaonyesha wananchi uso wake, atawaonyeshaje hesabu zake?

Pili, mafundi wa picha wa Tukuyu na wa kata zote, ambao ni ndugu zetu na twawaheshimu, wasiibadili rangi wala pua ya mtu asiyeomba. Na picha ya marehemu isiguswe kabisa, maana yeye hawezi tena kukataa.

Tatu, wazazi wabandike ukutani picha za bibi na babu kama zilivyo, wawaambie watoto: huyu ndiye uliyemfanana. Na auzaye mkorogo wenye sumu apelekwe mbele ya sheria.

Bendera ya mkoloni tuliiteremsha tarehe 9 Desemba 1961. Kipimo chake hatukukiteremsha, kimebaki kikining'inia katika nyumba zetu, ndani ya fremu. Tukitoe.

UHURU NA UMOJA!