Pikipiki Ipi Ibaki Nyumbani?

Ikiwa nyumbani kuna pikipiki mbili na ada ya shule inadaiwa, keti na baba watoto, mhesabu safari zenu za juma zima. Yamaha DT 125 ina springi ndefu na matairi yenye meno. Hupita penye matope na mawe. Lakini kiti chake kiko juu, na injini yake huchoma oili pamoja na petroli. Bajaj Boxer ina kiti kirefu na keria; yafaa kwa abiria na mzigo wa sokoni, tena hainywi petroli nyingi. Njia mnayopita kila siku ndiyo iamue. Ya pili ikisimama tu bandani, betri itakufa na kabureta itaziba. Iuzwe mapema, ingali na bei.